Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri yetu: walimu wapo, ila huku hawafiki

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya,
Mkoa wa Tabora.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MGAWANYO WA WALIMU NA UENDESHAJI WA SHULE ZA MSINGI KATIKA KATA ZA PEMBEZONI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mzazi wa watoto watatu, mkulima wa tumbaku na karanga, na kwa miaka mitano nilikuwa mjumbe wa kamati ya shule ya msingi ya kijiji chetu. Jina la shule na la kijiji sijayaandika hapa kwa makusudi. Sitaki mwalimu mkuu wetu, ambaye amevumilia mengi, aitwe kuulizwa nani kasema nini. Ofisi yako inaijua shule yenyewe. Barua yetu ya kwanza niliileta mimi mwenyewe masjala, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na nakala yenye muhuri huo ninayo. Ya pili ilipitia kwa diwani. Mara ya tatu tulikuja wazazi wanne, tukakaa kwenye benchi la nje tangu asubuhi hadi saa tisa alasiri, tukaambiwa suala letu linafanyiwa kazi. Tangu siku hiyo mvua za misimu miwili zimepita. Ndiyo maana leo naandika mbele ya watu wote.

Naandika kwa heshima. Najua umeikuta wilaya hii na mizigo yake, na najua maagizo mengi yanakushukia kutoka juu. Kwa hiyo yale yaliyo mikononi mwa Wizara, TAMISEMI au Hazina sitakubebesha wewe. Nitasema yale tu ambayo kalamu yako inaweza kuyageuza.

1. Walimu wamerundikana barabarani

Shule yetu ina wanafunzi 640 na walimu sita, pamoja na mwalimu mkuu. Kiwango cha Serikali yenyewe ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Kwa hesabu hiyo tungestahili walimu 14, au 15 tukihesabu vizuri. Asubuhi ya kawaida darasa la kwanza na la pili wanakaa chumba kimoja, wengine sakafuni, na mwalimu mmoja anaandika ubao nusu kwa nusu: huku irabu, huku kujumlisha. Mwalimu huyo akiumwa, au akiitwa semina, watoto hao wanacheza hadi saa nne na kurudi nyumbani.

Nakuomba ulitazame hilo kwa macho ya mtoto wa huku. Nyumbani kwetu watoto wanazungumza Kinyamwezi au Kisukuma. Mtoto anaingia darasa la kwanza akiwa na maneno machache ya Kiswahili aliyookota gulioni. Mwaka ule wa kwanza na wa pili, wa kusoma, kuandika na kuhesabu, ndio unaomjenga au kumwangusha. Akivuka bila kujua kusoma, darasa la tatu anakutana na vitabu asivyoweza kuvifungua, na upimaji wa darasa la nne unakuja kuandika tu kile ambacho mwalimu wake anakijua tangu zamani. Binti yangu wa pili alifika darasa la nne hawezi kusoma jina la kijiji chake kwenye kibao. Nilimfundisha mwenyewe kwa taa ya sola, msimu mzima, baada ya kazi za bani, banda la kukaushia tumbaku. Je, wale ambao baba na mama hawajui kusoma?

Sasa nenda kilomita 28 kutoka kwetu, hadi kando ya lami. Kuna shule yenye wanafunzi wasiofika 700, na walimu wake ni 23. Sikuambiwa na mtu. Nimesimama mbele ya ubao wa takwimu katika ofisi ya mwalimu mkuu wa shule ile nikahesabu majina. Wale ni watumishi wema na sina ugomvi nao. Lakini kwa kiwango kilekile cha 45, shule ile ina walimu saba zaidi ya hitaji lake, ndani ya halmashauri moja, chini ya ikama moja (idadi ya watumishi iliyoidhinishwa), mishahara yao ikipitia ofisi moja.

Tumeshajibiwa mara kadhaa kwamba upungufu wa walimu ni wa nchi nzima. Ni kweli, hatubishi. Upungufu wa nchi unaeleza kwa nini sisi hatuna walimu 15. Hauelezi kwa nini wenzetu wana 23. Hapo pana maamuzi ya watu.

Na maamuzi hayo tumeyaona yakifanyika. Katika miaka minne tumepangiwa walimu watatu wa ajira mpya. Kijana anashuka kwenye bodaboda na begi lake, anaoneshwa chumba kisicho na mlango, anaulizia mtandao wa simu, anaambiwa upande juu ya kichuguu. Wa kwanza alikaa muhula mmoja. Wa pili, dada mmoja aliyependwa sana na watoto, alikaa wiki nane. Wa tatu alifika mwaka mzima, tukaanza kushukuru, kisha naye akaondoka. Mmoja alikuwa anamfuata mwenza wake, mwingine alikuwa na cheti cha daktari. Siwezi kuwahukumu, maana hata mimi mwanangu angepangiwa porini peke yake ningelala macho wazi. Ninachosema ni hiki: hakuna hata mmoja aliyeondoka bila barua ya uhamisho kutoka halmashauri, na hakuna hata barua moja iliyokuja na mtu wa kuziba pengo. Kila uhamisho wa kwenda barabarani ulisainiwa huku mwenye kusaini akijua anatubakiza na wangapi.

Mtasema kuwahamisha walimu wa barabarani kuja huku kunahitaji fedha za uhamisho, na halmashauri bado inadaiwa na walimu waliohamishwa zamani. Hoja hiyo ni ya haki, mwalimu hastahili kuhamishwa kwa mkopo usiolipwa. Basi anzeni na wale wasiohitaji fedha hizo. Kila ajira mpya inapotoka, vijana wanaripoti kwenu kwanza. Hao hawajahamia popote bado. Wapangeni kuanzia shule yenye uhaba mkubwa zaidi kwenda yenye uhaba mdogo, orodha iwe wazi, na anayepangwa shule ya mbali ajue tangu siku ya kwanza kwamba atakaa miaka mitatu, kisha atapewa kipaumbele cha kusogea. Mtu huvumilia ugumu unaojulikana mwisho wake. Huku mwalimu anafika akiamini akikubali kutulia ameshasahaulika, ndiyo maana anaanza kutafuta njia ya kutoka kabla hajafungua begi.

Kwa sasa pengo tunaliziba wenyewe. Wazazi tunachanga shilingi 1,000 kila mwezi kumlipa kijana mmoja wa kujitolea aliyemaliza kidato cha nne hapa kijijini. Anajitahidi kuliko hata tunavyomlipa. Lakini hajasomea ualimu, na mwezi ambao soko la tumbaku limechelewa kulipa, anafundisha bure.

2. Nyumba ya walimu iliyosimama kwenye lenta

Tumeambiwa pia kwamba walimu hawakai kwa sababu hakuna nyumba. Tukalichukua neno hilo kama kazi. Kila kitongoji kikafyatua tofali, akina mama wakasomba maji na mchanga, sungusungu wakalinda saruji usiku. Tukainua nyumba ya familia mbili hadi kwenye lenta, ule mkanda wa juu ya milango na madirisha. Afisa kutoka halmashauri alikuja, akapima kwa hatua, akasifu, akasema kupaua na kuezeka kutaingizwa kwenye bajeti ijayo. Bajeti tatu zimepita. Boma lile sasa limeota magugu ndani, kona moja imeanza kuachia, na siku hizi ukiitisha watu wa kusomba mawe wanakuuliza, yale ya mwanzo yako wapi?

Hilo ndilo linaloniuma kuliko bati zenyewe. Nguvu za wananchi zikipotezwa mara moja, kuzirudisha ni kazi ya miaka.

Serikali ikiamua inaweza, tumeshuhudia. Mwaka 2021, kwa fedha za UVIKO-19, yalijengwa madarasa 15,000 nchini, yakiwemo 3,000 ya shule shikizi (shule ndogo zilizo chini ya shule mama), kila darasa likitengewa shilingi milioni 20, na yalitakiwa yawe tayari kwa muhula wa Januari 2022. Tuliona wakuu wakilala maeneo ya ujenzi. Nyumba yetu inahitaji sehemu ndogo tu ya msukumo ule.

Na fedha za kuanzia si za kutafuta mbali. Tangu mwaka 2017 ushuru wa mazao ya biashara ni asilimia 3. Najua anayeulipa ni mnunuzi, lakini unatoka kwenye jani tulilolipanda, tukalivuna na kulikausha sisi. Kila msimu chama chetu cha msingi cha ushirika kinauza, ushuru unaingia halmashauri. Tunaomba kujua: katika ushuru uliotokana na kata yetu, ni kiasi gani kimerudi kwenye shule za kata yetu? Hatujawahi kusomewa hata mara moja.

3. Watoto wanarudishwa nyumbani kwa sababu ya michango

Waraka wa Elimu namba 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada na michango ya lazima kuanzia Januari 2016. Januari 2018 Rais Magufuli alilirudia katazo hilo kwa sauti ambayo kila mzazi aliisikia redioni.

Naelewa hali ya mwalimu mkuu. Ruzuku ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na 4,000 kati ya hizo hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Shuleni zinafika 6,000. Kwa watoto wetu 640 hiyo ni 3,840,000 kwa mwaka, yaani 320,000 kwa mwezi, zitoshe chaki, karatasi, mitihani, ukarabati na michezo. Kiwango hicho cha 10,000 kilipangwa wakati wa MMEM (Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi), mwanzoni mwa miaka ya 2000, bei ya rimu ikiwa si hii. Hilo liko juu ya uwezo wako na sikudai.

Ninachodai ni kuhusu maagizo yanayotoka ofisi ya elimu ya wilaya. Inakuja mitihani ya ujirani mwema, ile ya shule jirani kwa pamoja, inakuja moko, yaani mtihani wa majaribio, na kila mtihani unakuja na bei kwa kila mtoto. Agizo linatolewa kwa mdomo au kwa ujumbe wa simu, bila waraka wenye sahihi. Mwalimu mkuu anabanwa awasilishe fedha, naye anambana mtoto. Wazazi wakikasirika wanamkasirikia yeye, kwa kuwa ndiye wanayemwona.

Nina jirani ambaye kijana wake wa darasa la sita alirudishwa kwa shilingi 2,000. Ilikuwa Februari, kipindi cha kuvuna na kukausha, hakuna mwenye hela mkononi kabla ya masoko kufunguliwa. Mtoto alipofika nyumbani saa tatu asubuhi akaungwa kwenye kazi ya kufunga majani ya tumbaku kwenye vijiti. Kesho yake tena. Hela ilipopatikana, baba yake alikuwa ameshazoea mikono miwili zaidi banini, na kijana alikuwa ameshazoea kukaa bila daftari. Hakurudi. Anachunga ng'ombe wa watu, na akiniona njiani anapita pembeni.

Hapa lazima niseme na upande wetu. Sisi wazazi tunawatoa watoto shuleni msimu wa tumbaku, wapo wanaohamia kambi za porini na familia nzima, na wapo wanaoozesha mabinti huku Waraka namba 2 wa mwaka 2021 ukiwa umewafungulia mlango wa kurudi masomoni hata wale waliopata ujauzito. Mimi nimeyasema haya kwenye mkutano wa kijiji hadi nikaitwa mtu wa maneno mengi. Lakini tunawezaje kumfuata mzazi kwa utoro wa mtoto ambaye shule yenyewe ndiyo iliyomfukuza getini?

4. Muhtasari wa kikao ambacho hakikufanyika

Hili nitalisema kwa ufupi, linaniondolea amani. Fedha za shule hazitoki benki bila muhtasari wa kamati ya shule. Siku moja nilifuatwa shambani nikaletewa karatasi iliyokwisha andikwa: wajumbe waliohudhuria, ajenda, maazimio, kiasi kilichoidhinishwa. Jina langu lilikuwemo. Kikao hakikuwa kimefanyika. Nilikataa kusaini. Nikaambiwa fedha zitarudi Hazina kwa sababu mwaka unafungwa, na kwamba nikikataa nitakuwa nimewakosesha watoto madawati. Wenzangu walisaini kwa hofu hiyo. Kuanzia hapo sikuitwa tena kwenye kikao chochote, hadi muda wangu ukaisha.

Simtuhumu mtu kwamba ameiba. Madawati yalikuja, machache. Natuhumu utaratibu: fedha zinaletwa siku za mwisho za Juni, maelekezo yanakuja yakiwa yameshaamuliwa, na kamati inabaki kuwa mihuri ya mpira. Mfumo wa kompyuta wa taarifa za fedha za shule upo, lakini mzazi wa kijijini hauoni. Anachoweza kuona ni ubao wa matangazo, na wa kwetu una tangazo la chanjo la zamani. Ibara ya 18 ya Katiba inatupa haki ya kupewa taarifa za mambo muhimu kwa maisha yetu, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaipa ofisi siku 30 za kujibu. Barua yetu yenye muhuri imezidisha siku hizo mara nyingi.

5. Januari 2028

Watoto walioanza darasa la tatu mwaka 2024 kwa mtaala mpya watamaliza elimu ya msingi darasa la sita mwaka 2027. Mwaka huohuo watamaliza wale wa darasa la saba walio mbele yao. Makundi mawili yatabisha hodi kidato cha kwanza siku moja, na sera mpya inasema elimu ya lazima ni miaka kumi. Mwanangu wa mwisho yumo katika kundi la kwanza kati ya hayo. Sekondari ya kata yetu hata sasa inakaza mikanda, na wasichana wanatembea saa mbili kwenda na mbili kurudi, au wanapanga vyumba vya mitaani wakiwa na miaka 13. Hatujaitwa kujadili hili wala kuoneshwa mpango wowote. Tofali tunaweza kuanza kufyatua kiangazi hiki, mradi tujue hazitaishia kwenye lenta.

Ndugu Mkurugenzi, tunachoomba ni haya.

Bandikeni kwenye ofisi ya kila kata orodha ya shule zote za halmashauri, idadi ya wanafunzi na idadi ya walimu. Hiyo haihitaji fedha, takwimu mnazo. Mkiibandika, nusu ya barua hii haitahitajika tena.

Simamisheni kila uhamisho wa kuondoka katika shule iliyo chini ya nusu ya mahitaji yake hadi mbadala aripoti, isipokuwa kwa ugonjwa wa kweli au hatari. Na ajira mpya zinazofuata zipangwe kuanzia shule yenye uhaba mkubwa zaidi katika orodha ile.

Leteni mhandisi aliangalie boma letu, atuambie kwa maandishi lini litaezekwa. Kama jibu ni hapana, tuambieni hapana, tuuze mbuzi tununue bati wenyewe.

Agizo lolote la mchango wa mtihani liwe kwa maandishi na lenye sahihi, na iandikwe humo kwamba hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani. Mapato na matumizi ya shule yasomwe kila robo mwaka kwenye mkutano wa kijiji, pamoja na ushuru wa tumbaku uliorudi.

Kuna watakaosema tumetumwa kisiasa. Walioweka sahihi kwenye nakala iliyoletwa ofisini kwako ni wazazi 63, wa vyama tofauti na wasio na chama, Waislamu, Wakristo na wa dini za jadi, na 19 kati yao wameweka dole gumba kwa sababu hawajui kuandika. Hao 19 ndio waliosisitiza zaidi barua hii iandikwe.

Mwalimu Nyerere alikuja Tabora mwaka 1937 kutoka Musoma kufuata shule. Hadi leo familia za mikoa mingine zinajivunia mtoto akichaguliwa kuja kusoma Tabora mjini. Watoto wetu wamezaliwa ndani ya mkoa huuhuu. Wanaisikia honi ya treni usiku upepo ukivuma upande wetu.

Mkutano wa kijiji ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nne asubuhi, uwanja wa shule. Ajenda ya kwanza ni elimu. Tunakualika wewe mwenyewe au Afisa Elimu, na tunaahidi mtasikilizwa hadi mwisho bila kuzomewa. Mkifika kabla ya saa mbili na nusu, tutaanzia darasa la kwanza na la pili, mkaone ule ubao uliogawanywa kwa mstari wa chaki katikati.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mzazi, na mjumbe wa zamani wa kamati ya shule,
kwa niaba ya wazazi 63.

Nakala:
Mwenyekiti wa Halmashauri na waheshimiwa madiwani wote
Afisa Elimu Awali na Msingi
Mratibu Elimu Kata
Ubao wa matangazo wa kijiji